Bajeti si mpango: dhana zinazokwamisha ujenzi Tanga kabla jembe halijagusa ardhi

"Injinia, hesabu yote ninayo hapa, mpango wa nini tena?" Kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, hakuna sentensi inayorudiwa na wenye viwanja kama hii. Mtu anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: saruji mifuko kadhaa, nondo, mbao, bati, ufundi, na jumla imepigiwa mistari miwili. Karatasi hiyo ni kazi nzuri na inahitajika. Ila inajibu swali moja tu, shilingi ngapi. Haisemi kipi kinatangulia kipi, nani anamsubiri nani, wala mvua itakukuta umefika wapi.

Dhana: ukishajua gharama, umeshapanga

Tukae hapa kwanza, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama huku pesa ipo.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, msingi wa mawe, kuta za tofali za inchi 6. Kuchimba msingi siku 4, kujenga mawe siku 6, kujaza kifusi na kushindilia siku 4, kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, siku 2. Hizo ni siku 16. Lipe jamvi siku 3 kabla ya kulipandishia ukuta, umefika siku ya 19. Kwa hiyo kozi (safu) ya kwanza ya tofali inalazwa siku ya 20.

Sasa angalia tofali zenyewe. Ukuta wa mita za mraba 160 unakula tofali 10 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani 1,600. Ongeza asilimia 5 ya zitakazovunjika, unapata 1,680. Mashine ya mkono ikitoa 200 kwa siku, kufyatua kunachukua siku 9. Tofali ikishatoka inamwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha inaachwa hadi itimize siku 14 ndipo ijengewe. Rudi nyuma kutoka siku ya 20: ili fundi wa ukuta asikose tofali, mashine iwe inafanya kazi kuanzia siku ya 5, yaani siku ile mawe ya msingi yanapoanza kupangwa.

Mwenye bajeti bila mpango hafanyi hivyo. Anasubiri jamvi liishe ndipo "aingie kwenye hatua ya tofali". Anaanza kufyatua siku ya 17, tofali za kwanza zinaiva siku ya 31, ukuta unaanza siku ya 32. Siku 12 zimekwenda na hakuna shilingi iliyopungua kwenye ile karatasi. Na si muda tu. Fundi mzuri hakai siku 12 akitazama jamvi, anachukua kazi ya Duga au Raskazone, na kumrudisha ni mazungumzo mapya. Au linatokea baya zaidi: mwenye nyumba anaona aibu, anaruhusu tofali za siku nne zijengewe. Tofali mbichi inaendelea kusinyaa ikiwa ukutani. Baada ya plasta utaziona nyufa zikipanda kama ngazi kufuata viungo, na hapo rangi haifichi kitu.

Karatasi ya gharama pia inamfundisha mtu kununua vibaya. Akiona saruji yote mahali pamoja anaamua kuinunua yote siku moja "kabla bei haijapanda". Tanga ni pwani, hewa yake ina unyevu mwaka mzima. Saruji iliyokaa miezi mitatu, hata ikiwa imehifadhiwa vizuri, huweza kupoteza sehemu ya tano hivi ya nguvu yake. Kwenye chumba kinachovuja inapoteza zaidi, na ukifungua mfuko unakuta mabonge yasiyopondeka kwa vidole. Mkanda wa juu, yaani zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta, ukiwa wa mita 60, upana sentimita 15 na kimo sentimita 20, ni mita za ujazo 1.8. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 12 hivi ya kilo 50. Hiyo inunuliwe wiki ya mkanda. Kiwanda cha saruji kipo hapa hapa Pongwe; hakuna sababu ya kulala na mifuko ya miezi mitatu. Ukilazimika kuhifadhi kidogo, ipange juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu.

Mpango wenyewe ni daftari lenye safu tano: kazi, siku zake, inasubiri kazi gani, nani anawajibika, na agizo la vifaa vyake litolewe siku gani. Safu ya tatu ndiyo roho yake. Ukiijaza kwa uaminifu utaona mnyororo mmoja wa kazi zinazosubiriana, mrefu kuliko mingine yote, na huo ndio unaoamua tarehe ya kuhamia. Hesabu ya kuusaka mnyororo huo ilitengenezwa mwaka 1957 katika kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani. Wao walihitaji kompyuta kwa sababu kazi zilikuwa nyingi mno. Nyumba ya vyumba vitatu inataka penseli na kifutio.

Dhana: ukichelewa, ongeza mafundi

Vibarua wanane watachimba msingi haraka kuliko wanne, kweli. Lakini zege halihesabu watu. Mkanda unataka siku 7 za maji uwe na kundi la mafundi au fundi mmoja. Kabla ya kuongeza mtu, tazama kama kazi hiyo imo kwenye mnyororo mrefu. Ukimaliza kuchimba chemba ya maji taka mapema kwa siku tatu wakati kinachosubiriwa ni kenchi za paa, umelipa ziada bila kusogeza chochote.

Dhana: mvua ni mipango ya Mungu, haipangiki

Siku itakayonyesha hatuijui. Msimu tunaujua tangu utotoni: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Endelea na nyumba yetu. Ukuta siku 14, umefika siku ya 33. Kusuka nondo, kufunga mbao na kumwaga mkanda siku 4, kusubiri siku 7, umefika ya 44. Kupaua na kuezeka siku 12, ni siku ya 56. Ongeza siku 8 za mapumziko ya wiki na 6 za yasiyotarajiwa, unapata 70. Ukianza katikati ya Juni, bati liko juu wiki ya mwisho ya Agosti, vuli inakuta watu wanapiga plasta ndani. Ukianza mwanzoni mwa Februari, masika itakukuta kwenye kuta au kwenye mkanda.

Na Ramadhani iwemo kwenye daftari. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Miaka hii inaangukia Februari na Machi. Msimpangie mtu aliyefunga kubeba zege saa saba mchana. Anzeni baada ya alfajiri, mmalize kabla jua halijakaza, na siku za zege zihesabiwe kuwa nyingi zaidi.

Dhana: asilimia 10 ya dharura kwenye bajeti inaziba kila kitu

Haizibi ulichosahau kuandika. Usafiri wa mchanga, maji ya boza, mlinzi, kukodi mbao za zege: hivyo si dharura, ni gharama. Dharura ni ya usichoweza kukiona, na kikubwa usichokiona kiko chini ya ardhi. Chimba mashimo mawili ya majaribio ya mita 1.5 kwenye pembe zinazopingana kabla ya kuandika bei ya msingi. Ni kazi ya siku moja ya vibarua wawili.

Dhana: fundi anajua, hakuna haja ya kuandikiana

Anajua kujenga. Hajui unachomaanisha ukisema "unimalizie". Andikeni yaliyomo na yasiyomo: plasta ya nje imo? Shimo la maji taka? Kusafisha kiwanja? Ugomvi mwingi wa mwisho wa kazi unatoka kwenye mstari ambao haukuandikwa mwanzoni.

Dhana: mpango ukishaandikwa haubadiliki

Unabadilika kila wiki, kwa utaratibu. Jumamosi, kabla ya malipo, kaa na fundi mkuu na daftari. Futa zilizokwisha. Kwa zinazoendelea usimuulize asilimia ngapi, maana kila kazi hukaa kwenye "asilimia 80" wiki tatu. Muulize: "Fundi, zimebaki siku ngapi?" Andika jibu lake. Likigusa mnyororo mrefu, mpigie simu muuza mbao na wa bati siku hiyo hiyo uwape tarehe mpya, mbao zisije zikakaa nje zikipinda juani, wala kundi la kupaua lisije likakuta mkanda wa siku mbili.