Jaji aliyekuwa Rais wa Barbados hakushika serikali
Kwetu Afrika Mashariki, ukisema rais watu humwona mwenye serikali mkononi. Ndiyo maana Sandra Mason alipoapishwa kuwa rais wa Barbados, kisiwa cha Karibiani, tarehe 30 Novemba 2021, wapo waliodhani jaji ameanza kutawala. Sivyo. Serikali ilibaki kwa waziri mkuu, Mia Mottley; rais hutia saini sheria, na kwa mengi hufuata ushauri wa mawaziri. Wala wananchi hawakumpigia kura: alichaguliwa na Bunge. Alianza na uhakimu mwaka 1978, akafika Mahakama ya Rufani 2008, na safari hiyo naiheshimu mno. Tangu 2018 alikuwa Gavana Mkuu, akimwakilisha Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, aliyekuwa mkuu wa nchi hiyo. Kiapo cha 2021 kilimwondoa malkia katika nafasi hiyo. Hakikumwongezea Mason mamlaka ya kutawala.