“Mwaka jana niliingiza elfu hamsini na nne”: dhana potofu kuhusu fomu I-864

“Mwaka jana niliingiza elfu hamsini na nne, mbona mke wangu amekwamishwa Nairobi?” Maneno haya, tarakimu zikibadilika kidogo tu, nayasikia kila mara kutoka kwa madereva wa Uber na wasambazaji wa chakula wanaojaza I-864, fomu ya udhamini wa kifedha ya kumleta mwenzi Marekani. Tuanze na dhana iliyo nyuma ya maneno hayo. Nyingine hazihitaji maelezo marefu.

Dhana: kinachohesabiwa ni pesa zilizoingia.

Kwa aliyejiajiri, kinachohesabiwa ni kilichobaki baada ya kutoa gharama, na hesabu hiyo umeipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wewe mwenyewe. Chukua ritani (taarifa ya kodi) ya 2024. Fomu 1099-K, ile ya jumla ya malipo ya abiria, inaonyesha dola 54,000, lakini humo mmo makato ya kampuni ambayo hayakufika mfukoni mwako, tuseme 14,000. Kisha mtu wako wa kodi akaandika maili 40,000 za kazi kama gharama, kwa senti 67 kila maili: dola 26,800 nazo zimeondoka. Zinabaki 13,200, na ndizo zinazopanda hadi mstari wa 9 (jumla ya mapato) wa fomu 1040, ritani yenyewe. Kwa viwango vya 2025, mdhamini na mkewe bila watoto walitakiwa wafikishe dola 26,437, yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Wewe umefika nusu.

Mwezi wa nne ulimsifu mtu wa kodi kwa kukupunguzia mzigo. Afisa wa visa anasoma karatasi ileile.

Hapo ndipo mteja huniambia, “Basi turekebishe ritani, tuzifute maili.” Hapana, kaka. Fomu 1040-X ni ya kusahihisha kosa, na maili uliziendesha kweli. Isitoshe, marekebisho yanaonekana kwenye rekodi za IRS, na utaulizwa kwa nini yamefanywa mahojiano yakikaribia.

Kinachosaidia ni hiki: fomu inauliza mapato yako ya sasa, haiishii kwenye ya mwaka jana. Ukiajiriwa kazi ya W-2, yaani ya mshahara chini ya mwajiri, iwe ghalani au kwenye nyumba ya wazee, barua ya mwajiri na payslip za miezi sita zinaweza kukubeba hata kama ritani ni dhaifu. Mimi huwasihi wateja waitafute kazi hiyo siku I-130, ombi la kumleta mwenzi, inapopelekwa, wasingoje hadi NVC, kituo cha visa kinachokusanya nyaraka, iwaandikie. Wachache hunisikia.

Na hesabuni watu wa nyumbani sawasawa. Mwanao mdogo aliyebaki kwa nyanya yake Kilifi anahesabiwa, hata kama haishi nawe wala hasafiri.

Dhana: mdhamini mwenza lazima awe ndugu, na akipatikana mimi nimetoka.

Mdhamini mwenza ni mtu mwingine anayedhamini kwa kipato chake pale chako kisipotosha. Si lazima awe ndugu. Awe raia au mkaazi wa kudumu (mwenye green card), ametimiza miaka 18, makao yake yako Marekani, na kipato chake kitoshe watu wake pamoja na huyo mhamiaji. Chako hakiongezwi juu ya chake. Wewe uliyewasilisha ombi bado unajaza I-864 yako, hata kama huna senti.

Dhana: nikijaza akaunti, yameisha.

Salio ni mali, na mali hupimwa dhidi ya pengo kati ya kipato chako na kinachotakiwa: mara tatu kama wewe ni raia unayemleta mwenzi, mara tano kama ni mkaazi wa kudumu. Dereva wetu ana pengo la dola 13,237, kwa hiyo aonyeshe 39,711. Benki nayo hutakiwa kueleza akaunti ilifunguliwa lini na mwaka mzima ziliwekwa kiasi gani, kwa hiyo hela za kuazima zilizoingia juzi zinajianika zenyewe. Shamba la Malindi lisilo na hatimiliki? Mali inatakiwa iweze kugeuzwa pesa taslimu ndani ya miezi 12. Liache.

Dhana: mshahara wa mke kule nyumbani unaongeza.

Unaongeza ikiwa tu utaendelea kutoka chanzo kilekile akishahamia Marekani. Mwalimu wa darasani Likoni hana mshahara wa namna hiyo.

Dhana: tukiachana, udhamini umekufa.

Talaka haiufuti. Unaisha mwenzi akipata uraia, akihesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka 10), akihama Marekani kabisa na kuacha ukaazi wake, au mmoja wenu akifariki. Kabla ya hapo anaweza kukushtaki akidai matunzo, na wapo walioshinda mahakamani. Rafiki wa msikitini au kanisani anayekubali kuwa mdhamini mwenza anafungwa na masharti hayohayo, kwa hiyo mpe fomu nzima aisome, usimpelekee ukurasa wa sahihi peke yake.