Chembe ngumu haziongezi mnato wa kimiminika kila mara

Imani ya siku nyingi ni kwamba ukitia chembe ngumu kwenye kimiminika, lazima kishike kama uji uliozidi unga. Einstein mwenyewe alionyesha mwaka 1906 kwamba mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, hupanda kadiri chembe zinavyoongezeka. Hesabu hiyo bado inafaa, ila kwa chembe zilizo kubwa mno kuliko molekuli za kimiminika.

Mwaka 2003 Michael Mackay na wenzake, Marekani, walichanganya chembe za polistirini (aina ya plastiki) zenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na polistirini iliyoyeyushwa. Mnato ukashuka! Chembe zilikuwa ndogo kuliko minyororo ya polima iliyosokotana, yaani molekuli ndefu za polistirini hiyo. Lakini chembe zikigandamana, au zikinasa minyororo, mnato wa mchanganyiko hupanda kweli.