Nafasi tupu si sifuri: dhana potofu kuhusu takwimu za uchumi katika utafiti wa vita

Dhana: Nchi isiyo na takwimu za uchumi itolewe tu, hesabu itabaki safi.

Hili ndilo kosa linalodhuru kuliko yote, na programu nyingi za takwimu hulifanya zenyewe bila kumuuliza mtafiti: mstari wa jedwali ukiwa na nafasi moja tupu, unaachwa wote. Tazama basi ni nani wanaoachwa. Serikali ya Siad Barre iliangushwa Januari 1991, na kwa miaka mingi Somalia haikuwa na serikali kuu ya kukokotoa pato la taifa. Ethiopia ilipoingiza majeshi huko Desemba 2006, upande mmoja wa vita hivyo haukuwa na takwimu rasmi za kutegemewa. Eritrea, iliyopigana na Ethiopia kuanzia 1998 hadi 2000, pato lake katika hifadhi ya Benki ya Dunia linaishia 2011. Korea Kaskazini haichapishi takwimu za pato lake kabisa. Ukishazitoa hizo, unabaki na nchi tulivu zenye ofisi za takwimu zinazofanya kazi, halafu unatoa hukumu juu ya umaskini na vita! Mapengo haya hayakutokea kwa bahati. Yameletwa na vita vyenyewe, au na serikali zinazoficha.

Dhana: Pasipoandikwa biashara, hapakuwa na biashara.

Hoja kwamba nchi zinazouziana bidhaa huogopa kupigana imepimwa mara nyingi kwa takwimu za biashara za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Lakini Umoja wa Kisovieti haukuwahi kuwa mwanachama wa IMF, na Kuba ilijitoa 1964, huku sukari yake ikienda kwa Wasovieti kwa wingi. Ukijaza sifuri hapo, umeandika uongo. Anza kwa kutazama vitabu vya upande wa pili, kwa kuwa mauzo ya mmoja ni manunuzi ya mwenzake.

Dhana: Basi weka wastani wa eneo.

Hapana. Somalia ya njaa ya 1992 haiwezi kupewa uchumi wa majirani zake.

Dhana: Kukadiria ni kubuni takwimu.

Kukadiria mara moja na kujifanya una uhakika, ndiyo, ni kubuni. Njia aliyoiasisi mwanatakwimu Donald Rubin ni tofauti: kila pengo hujazwa mara kadhaa kwa thamani zinazotofautiana, uchambuzi hurudiwa kwa kila seti iliyojazwa, kisha matokeo huunganishwa. Seti zikipishana sana, mashaka yanaongezeka na yanaonekana wazi kwenye jibu. Makadirio hutegemea vitu vinavyojulikana: idadi ya watu, mvua, hata mwanga wa usiku uliopigwa picha na setilaiti, ambao kumbukumbu zake za kidijitali zinaanzia 1992.

Wengi hukosea hapa: huiacha vita nje ya modeli ya kukadiria, wakidhani wanaepuka upendeleo. Kumbe hapo wanadhoofisha uhusiano uleule wanaoutafuta. Vita iingizwe. Na pale unaposhuku kwamba serikali imenyamaza kwa sababu hali ni mbaya, shusha makadirio yake makusudi, rudia hesabu, na uchapishe majibu yote mawili.