Lodi Meya wa London si Meya wa London

Redioni hapa Kampala, na kwenye mabishano ya siasa, Sadiq Khan huitwa "Lodi Meya wa London". Siye; yeye ni Meya wa London. Kosa hili limerudiwa kiasi kwamba hata watu makini wanalibeba.

Lodi Meya huongoza City of London, eneo dogo katikati ya London lenye Benki Kuu ya Uingereza, soko la hisa na kampuni za bima. Lina kilomita za mraba 2.9 hivi. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi wasiofika 10,000, lakini wanaofanya kazi humo wanapita 500,000.

Utata uko kwenye utawala. City ina serikali yake ya mtaa, yenye umri mkubwa kuliko Bunge la Uingereza: meya wake wa kwanza, Henry Fitz-Ailwin, anahesabiwa tangu 1189 hivi, na Magna Carta, hati ya kifalme ya 1215, ilitambua haki za kale za City. Ina polisi wake, mbali na polisi wa jiji kubwa. Hata msitu wa Epping, ulio nje kabisa ya mipaka yake, uko mikononi mwake. Kubwa zaidi, kampuni zinashiriki uchaguzi wa madiwani: kila moja huteua wapiga kura kulingana na idadi ya wafanyakazi wake, na sheria ya 2002 ilizidi kuupanua utaratibu huo. Sijui kama wanaotutajia London kuwa mfano wa demokrasia ya miji huwa wanalikumbuka hilo.

Lodi Meya ni mkuu wa City hiyo tu. Hukaa mwaka mmoja, hupatikana kupitia vyama vya kale vya mafundi na wafanyabiashara, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuinadi sekta ya fedha ya Uingereza ng'ambo. Mkazi wa Brixton, mtaa wa London ulio nje ya City, hampigii kura. Meya wa London ni cheo kingine, kilichoanza mwaka 2000, na huyo ndiye anayechaguliwa na jiji zima kila baada ya miaka minne.

Nadhani kinachotuvuruga ni mpangilio wetu wenyewe. Sheria ya mamlaka ya jiji la Kampala ya 2010 ilimpa jina la Lodi Meya kiongozi wa jiji lote, kuanzia Kawempe hadi Makindye, na divisheni ya kati, yenye Nakasero na Kikuubo, ikabaki na meya wa kawaida. London ni kinyume: Lodi yuko kwenye kipande cha kati, meya wa kawaida ana jiji.

Na ile minara ya Canary Wharf mnayotumiana picha zake haimo City. Iko Tower Hamlets, mashariki yake. Benki ziko kote kuwili, mipaka ni tofauti. Basi Khan tumwite Meya wa London, inatosha.