Linki za barua pepe na kivinjari ukipendacho: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishasakinisha kivinjari kipya (kama Chrome au Firefox), linki zote zitakifuata, yaani zitafunguka humo.

Hazikifuati. Unapobofya linki, kwa kawaida programu ya barua pepe haiifungui yenyewe. Huukabidhi mfumo endeshi ile anwani, nao mfumo huangalia ni kivinjari gani kimesajiliwa kupokea anwani zinazoanza na http na https. Usajili huo ndio wa kubadilisha.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, Apps, kisha Default apps. Chagua kivinjari chako na ubofye Set default. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 kitufe hicho hakikuwepo. Ilibidi kubadilisha HTTP, HTTPS, .htm na .html (mbili za mwisho ni aina za faili za kurasa za wavuti) moja baada ya nyingine, na kitufe kikaja kwa sasisho la 2022. Hata sasa, shuka chini ya ukurasa uhakikishe HTTP na HTTPS zote zinaonyesha jina la kivinjari unachotaka. Ukigusa HTTP pekee utadhani hujafanya kitu, kwa kuwa linki nyingi za leo ni https.

Wa Mac, kuanzia toleo la Ventura, waende System Settings, Desktop & Dock, Default web browser.

Dhana: Mfumo ukishabadilishwa, Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, lazima itii.

Hapa ndipo wengi hukwama, wakarudia hatua za juu mara tatu nne bila mafanikio. Mwaka 2023 Microsoft ilianza kuifanya Outlook ya Windows, kwa wenye Microsoft 365, ifungue linki kwa Edge, kivinjari cha Microsoft yenyewe, hata kama Windows imeelekezwa kwingine. Sababu iliyotolewa ni kwamba barua na ukurasa vionekane bega kwa bega. Kwa maoni yetu, chaguo ambalo mtumiaji amelifanya mwenyewe halikustahili kupitwa juu namna hiyo.

Dawa iko ndani ya Outlook yenyewe: File, Options, Advanced, kisha sehemu ya File and browser preferences. Kwenye Open hyperlinks from Outlook in, weka Default Browser, halafu OK. Kwenye kompyuta ya ofisi huenda msimamizi wa mfumo ameshaamua kwa niaba yako, hivyo muulize yeye kabla ya kuhangaika.

Dhana: Ujumbe wa "restrictions in effect on this computer" (kuna vizuizi kwenye kompyuta hii) unaotokea ukibofya linki ni virusi, au mtu amekufungia.

Mara nyingi kisa ni kivinjari kilichofutwa. Kwa mfano, Chrome imeondolewa, lakini faili za .html bado zimeandikishwa kwa jina lake. Outlook ikiuliza nani afungue linki, inaelekezwa kwa programu isiyokuwepo tena. Kisajili upya kivinjari kilichobaki, ukihakikisha .htm na .html nazo zimebadilika. Ikishindikana, rudisha kile ulichofuta, kifanye kingine kuwa chaguomsingi (default), ndipo ukifute tena.

Dhana: Tatizo litaisha ukibadilisha programu chaguomsingi ya barua pepe.

Hiyo hushughulikia mailto, yaani kubofya anwani ya barua pepe ukiwa kwenye tovuti. Ni njia ya kutoka kwenye tovuti kwenda kwenye barua pepe, siyo ya kurudi.

Dhana: Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, imeharibika, inang'ang'ania kivinjari cha zamani.

Inakumbuka jibu ulilowahi kuipa. Fungua Settings, General, sehemu ya Files & Attachments, utafute mistari ya http na https. Weka Always Ask, kisha bofya linki yoyote uchague upya.

Dhana: iPhone hufungua kwa Safari tu.

Ilikuwa hivyo hadi iOS 14 (mfumo endeshi wa iPhone), Septemba 2020. Ila Gmail ya iPhone ina orodha yake: menyu, Settings, Default apps. Usipoibadilisha hapo, unaweza kuendelea kuona kivinjari usichokitaka.

Kwenye Android, Gmail ina chaguo la Open web links in Gmail. Likiwa limewashwa, ukurasa hufunguka kwenye dirisha la ndani ya Gmail, ukilipoteza punde unaporudi nyuma. Lizime, na ukurasa utafunguka kwenye kivinjari kamili. Linki ya YouTube ikiruka moja kwa moja hadi programu ya YouTube, kivinjari hakihusiki: ingia Settings, Apps, YouTube, Open by default, uzime Open supported links.

Na anayesoma barua zake ndani ya kivinjari, linki itafunguka humohumo, hata abadilishe nini. Akitaka kivinjari kingine, anakili linki na kuibandika huko.