Mashuka, joho la taulo na kuharisha melini: maswali mnayoniuliza

Kuna vijana wa huku Ngamiani, Tanga, wamepata kazi kwenye zile meli kubwa za kitalii, kazi za kutandika vitanda na kufua, na wapo pia wazee ambao watoto wao walioko nje wamewakatia tiketi wakapumzike humo, sasa meseji zinazonifikia ni nyingi na karibu zote zinauliza shuka tu. Nawajibu kwa pamoja. Mi ni bwana afya, sio daktari, mambo ya dozi nendeni hospitali ya Bombo.

Bwana afya, mwanangu atashika mashuka ya watu kila siku, hatopata UKIMWI au kisonono?

Hapana mama, kwa shuka hapati. Virusi vya UKIMWI vinapita kwa ngono, kwa damu na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kulala au kutandika shuka aliyolalia mtu haimo kwenye hiyo orodha. Kisonono nacho ni ngono. Vinavyoweza kupita kwenye nguo na taulo ni vitu vya ngozi, yaani upele, fangasi, na kwa nadra chawa wa sehemu za siri.

Ila kuna kitu kimoja hawaulizi na ndo kinanitisha mimi: sindano. Abiria wengi ni watu wazima wenye kisukari, mtu anajichoma insulini kitandani afu sindano inabaki kwenye mikunjo ya shuka, hapo sasa ndo damu inaingia kwenye hesabu, na homa ya ini B inapita kirahisi zaidi kuliko UKIMWI kwa mchomo kama huo. Kwahiyo mwambie achanje homa ya ini B kabla hajaondoka, avae glavu, shuka asiikumbatie kifuani wala asiikung'ute, aikunje taratibu kuelekea ndani aitie kwenye mfuko. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni na aende kwa daktari wa meli hapohapo, sio kesho, maana dawa za kuzuia UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na kila saa likipita ni hasara.

Shikamoo. Chumbani wanatundika joho la taulo jeupe, la kuvaa ukitoka kuoga. Nilivae au limevaliwa na mwingine?

Marahaba dada. Limevaliwa na mwingine ndio, kama shuka ilivyolaliwa na mwingine, cha kuuliza ni kama limefuliwa. Ukilikuta lina unyevu, lina alama ya poda kwenye kola, au mfukoni mna kitambaa cha pua (cheki mfuko kwanza, huko ndo siri zinatoka), mwambie mhudumu akuletee lingine, wala usione haya. Likiwa kavu na halina harufu we vaa. Joto la mashine za kufulia na kukaushia linaua vijidudu karibu vyote vya ngozi, na mdudu wa upele akitoka mwilini mwa mtu haishi zaidi ya siku 2 au 3. Wale wa roho nyepesi wanavaa dera ndani yake, sawa pia.

Kile kifuniko cha mapambo juu ya kitanda na mito ya urembo, hivyo mi mwenyewe ningeviweka pembeni, kwa sababu kwenye nyumba nyingi za wageni havifuliwi kila mgeni anapotoka kama shuka na foronya.

Mbona tunasikia meli nzima inaharisha? Si uchafu wa vitanda huo?

Sio vitanda. Mara nyingi ni norovairasi, kirusi kilichopewa jina kutokana na mji wa Norwalk kule Ohio, Marekani, ambako watoto wa shule waliugua mwaka 1968. Kinaingia kwa mdomo, yaani mavi au matapishi ya mgonjwa yamefika mkononi mwake, mkono umeshika kijiko cha pale mnapojipakulia chakula, na we umeshika kijiko hichohicho afu ukamenya chungwa. Vinatosha vichache mno kukuumiza, vinakaa kwenye kitasa, remoti na reli ya ngazi kwa siku kadhaa, na baada ya masaa 12 mpaka 48 tumbo linaanza. Wengi wanapona ndani ya siku 1 mpaka 3, hatari ni kuishiwa maji, hasa kwa wazee na watoto, hapo ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, inahitajika.

Sasa msiziogope meli kupita kiasi. Kwa hesabu za Marekani milipuko ya norovairasi melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote inayoripotiwa, mingi inatokea kwenye nyumba za kutunzia wazee, migahawa na shule. Meli zinasikika kwa vile zinahesabiwa. Kuna mpango wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaokagua meli zenye abiria 13 na zaidi zinazotoka nchi nyingine na kutia nanga Marekani, meli inapewa alama kati ya 100, ikipata 85 kushuka chini imefeli, na matokeo yanawekwa hadharani mtu yeyote asome. Mfanyakazi wa jikoni akiharisha anatengwa mpaka zipite masaa 48 tangu dalili ziishe. Natamani mama ntilie wetu nao wafanye hivyo, ila nani atamlipa hizo siku mbili?

Nikibeba sanitaiza si inatosha?

Kwa norovairasi haitoshi, spiriti haiiwezi vizuri. Maji na sabuni, sekunde 20, kabla ya kula na ukitoka chooni. Sanitaiza iwe nyongeza.

Kunguni je? Nasikia wanarudi na mabegi.

Wanarudi, na hao hawachagui hoteli ya nyota ngapi. Ukiingia chumbani begi liache bafuni kwanza, inua shuka kwenye kona, angalia mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kichwani, unatafuta vidoa vyeusi kama wino na magamba waliyojivua. Kunguni haijulikani kama anaambukiza ugonjwa, anawasha na kukunyima usingizi tu, ila ukimleta nyumbani Makorora utamtoa kwa shida, anaweza kukaa miezi bila kula. Ukirudi nguo zote ziingie kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hivi, hata zile ambazo hukuvaa, halafu pasi ya moto ipite kwenye mishono. Kuanika juani peke yake hakutoshi, anajificha kwenye pindo.

Jakuzi?

Lile beseni kubwa la mapovu la kukaa watu kadhaa, maji yake ya vuguvugu yasipotiwa dawa sawasawa yanazalisha bakteria wa lejonela, anaingia kwa mvuke mapafuni. Mwenye pumu, mvutaji sigara au mtu wa miaka 50 kwenda juu bora akae pembeni.

Nina gesti ndogo Chumbageni, mgeni akitapika kitandani nifanyeje?

Glavu, barakoa, fungua dirisha. Futa matapishi kwa karatasi utie kwenye mfuko ufunge, shuka ziende peke yake zisichanganywe na za vyumba vingine. Sakafuni jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji, iache dakika 10 ndo upige deki, na usiichanganye na dawa ya choo maana inatoa gesi mbaya. Godoro lenye mfuko wa plastiki futa kwa maji hayohayo, lisilo na mfuko hilo kaka limeshakula hasara, na msimu wa masika huu wala halitakauka.